X-29: Mabawa ya mbele na ukinzani ambao haukushuka

Desemba 14, 1984, ndege ya majaribio ya Grumman iliruka kutoka kambi ya Edwards, California, mabawa yake yakielekea mbele kwa digrii 33. X-29 ilitarajiwa, pamoja na mengine, kukata hewa kwa ukinzani mdogo kuliko ndege za mabawa ya kurudi nyuma.

Kwa hesabu ya msingi, mbele na nyuma ni mamoja. Kinachozaa wimbi la mshtuko, ambalo huongeza ukinzani, ni ile sehemu ya mwendo inayolikabili bawa kwa pembe mraba, na kwa mlalo wa digrii 33 ni takriban asilimia 84 tu. Ndege ikienda Mach 0.9, bawa hufanya kazi kana kwamba ni Mach 0.75.

Tofauti huletwa na umbo. Bawa hupungua upana kuelekea nchani, hivyo kingo zake mbili hazilali sawasawa. Likirudi nyuma, ukingo wa mbele ndio uliolala zaidi. Likielekea mbele, ni ukingo wa nyuma. Wimbi la mshtuko nalo kwa kawaida huzuka nusu ya nyuma ya bawa! Kwa hiyo bawa la mbele huweka mlalo mkubwa pale pale panapouhitaji. Hoja hii ni nzuri kweli, na inastahili heshima.

Gharama yake ni kubwa. Bawa la namna hii likipinda juu, ncha hujisokota na kuikabili hewa zaidi, nguvu ya kuinua huongezeka, bawa hupinda tena, hadi livunjike. Wahandisi walipanga matabaka ya kaboni kwa mshazari ili kupinda kuzae msokoto wa kinyume. Hilo lilifaulu kabisa. Kompyuta nazo zilirekebisha usukani hadi mara 40 kwa sekunde, maana ndege haikuwa na utulivu wake yenyewe.

Ila ukinzani wa jumla haukupungua kama tafiti za awali zilivyoashiria. NASA ilitahadharisha kwamba hilo halizuii muundo bora zaidi kufaulu, na nakubaliana nayo. Ukinzani unaopimwa angani ni wa ndege nzima, na X-29 iliundwa kwa pua ya ndege ya kivita F-5A ili kubana matumizi. Kulihukumu bawa peke yake kungehitaji ndege mbili zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa mwelekeo wa mabawa.