Maneno Kumi na Sita

Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ufupisho una alama 15 kati ya 80. Matumizi ya lugha yana 40, basi si ajabu ufupisho kuachiwa wiki ya mwisho ya muhula. Mwalimu mmoja wa Kidato cha Tatu niliyepata kuketi darasani mwake huutengea vipindi viwili mfululizo, na katika kile cha kwanza hakuna anayeshika kalamu.

Wanasoma kifungu, wanakifunika, kisha anauliza, "Mwandishi anadai nini?" Kijana aliyeteuliwa anaanza kuyakariri maneno ya kifungu. Mwalimu hamkatizi wala hamsaidii, anangoja. Mimi ningekuwa nimeshamdokezea jibu mara tatu. Kimya kinarefuka, mtu anakohoa nyuma, hatimaye kijana anasema kwa maneno yake: "Mvua ilichelewa, wakapata hasara."

"Akina nani?"

"Wakulima, mwalimu."

Hapo ndipo chaki inapotoka. Anaandika: *Watu ambao walikuwa wamepanda mihogo, viazi vitamu na magimbi walipata hasara kwa sababu mvua ilichelewa kunyesha.* Darasa linahesabu: maneno 16. Mihogo, viazi na magimbi vyote ni nini? Mizizi. "Watu ambao walikuwa wamepanda" je? Wakulima, manne yameingia ndani ya moja. Msichana wa dirishani anatoa "walihasirika" badala ya "walipata hasara", na mwalimu anatabasamu kana kwamba ameletewa zawadi. Mwingine anapendekeza "mvua ilipochelewa". Maneno sita! Wanapiga makofi.

Yeye hapigi. "*Ilipochelewa* inanipa wakati," anasema. "Sababu mmeitupa wapi?"

Wanarudi nyuma. *Wakulima wa mizizi walihasirika kwa mvua kuchelewa.* Saba. Neno moja limerudishwa kwa sababu maana ililidai, na nadhani somo zima lilikuwa hapo, ingawa hakulitangaza.

Wapo wajanja, bila shaka, wanaounganisha "kwasababu" ili kuokoa neno. Mwalimu huinua vidole viwili, nao hucheka.

Katika kipindi cha pili ndipo wanapoandika, na mwishoni hukusanya nakala safi pamoja na matayarisho. Nilimwona ofisini akizifungua. Alianza na matayarisho, akiyainamia karibu na taa, akisoma yaliyokatwa.