Baraza ya Eatonville: Nani Alikuwa na Ruhusa ya Kusema?

Wahakiki wengi wakiigusa Eatonville ya Zora Neale Hurston huishia kuisifu: mji wa Weusi watupu, wenye meya wao, makanisa yao na duka lao, ambamo mtoto alikua bila kudharauliwa kwa rangi yake. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Makala hii inauliza: mji huo ulimpa Hurston nini, na ulimficha nini?

Eatonville, katika jimbo la Florida, iliandikishwa kuwa mji mwaka 1887. Hurston alizaliwa mwaka 1891 huko Notasulga, Alabama, akahamia Eatonville akiwa bado mdogo. Baadaye baba yake akawa meya. Lakini katika tawasifu yake, Dust Tracks on a Road (1942), anatuambia eti alizaliwa Eatonville. Kitovu kilizikwa Alabama, yeye akakihamishia Florida! Mama yake alipofariki mwaka 1904 alipelekwa shule Jacksonville. Huko ndiko, kama anavyoeleza katika insha ya mwaka 1928, alikojua kwa mara ya kwanza kwamba yeye ni "mweusi".

Moyo wa mji ulikuwa baraza ya duka la Joe Clarke. Wanaume walikaa pale wakipiga soga, wakitaniana na kushindana kutunga uongo. Zora hakuruhusiwa kukaa pale. Akitumwa dukani alikokota miguu makusudi ili asikie zaidi. Maneno hayo aliyoyadokoa ndiyo yaliyomrudisha mwaka 1927, sasa akiwa mwanafunzi wa Franz Boas, kukusanya fasihi simulizi. Matunda yake tunayaona katika Mules and Men (1935).

Sasa tuitazame riwaya yake ya mwaka 1937, Their Eyes Were Watching God. Joe Starks ni mwenye duka na meya, kama Joe Clarke halisi. Siku ya kufungua duka, watu wanataka mkewe, Janie, aseme machache. Joe anamkatiza: mkewe hajui hotuba, mahali pake ni nyumbani. Soga za barazani zinampita hivi hivi, naye anazipenda kuliko wengi wanaozipiga. Tena anaamriwa afunge nywele zake kitambaa. Mji ule ule unaochekesha ndio unaomziba mdomo.

Richard Wright, katika uhakiki wake wa mwaka 1937, aliiponda riwaya hii kwamba haina dhamira, inawafurahisha Wazungu tu. Kwa maoni yetu, Wright alisikia vicheko vya barazani, asimwone mwanamke aliyenyamazishwa nyuma ya kaunta. Dhamira ipo, tena nzito. Janie anaporudi baada ya kumzika Tea Cake, waliokaa barazani wanamsengenya. Yeye anapita zake. Kisa cha maisha yake anamsimulia shoga yake Pheoby, tena nyuma ya nyumba. Msomaji wa pwani, anayejua tofauti ya baraza na uani, ataelewa upesi: lugha Janie ameipata kwa mji, lakini nafasi ya kuitumia ameitafuta mwenyewe.

Hata hivyo, mwandishi mwenyewe hakulikumbuka funzo hili siku zote. Agosti 1955 aliandika barua katika gazeti la Orlando Sentinel kuupinga uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1954 uliobatilisha utengano wa rangi shuleni. Aliuona kuwa tusi kwa watu wake. Hapa anasema yule mtoto wa Eatonville: aliyekulia penye baraza ya kwao haoni sababu ya kumbishia hodi jirani asiyemtaka. Heshima hiyo tunaielewa. Lakini watoto Weusi walio wengi hawakuwa na Eatonville. Walikuwa na shule duni kwa nguvu ya sheria. Barua inadhani kila mtu ana baraza. Riwaya inajua kwamba hata penye baraza, si kila mtu anakaa.

Basi wenzetu wanaohakiki mtaa katika riwaya, za Kiswahili zikiwemo, wasiishie kutuambia jamii ilikuwa na umoja kiasi gani. Watuonyeshe pia nani alikaa barazani na nani alisikilizia mlangoni. Aliyesikilizia mlangoni, mara nyingi, ndiye aliyekuja kuandika kitabu.