Kutafakari au Kukiri? Uhakiki wa Zoezi la Majadiliano ya Kitafakuri katika Kozi za Sayansi za Jamii na Insia, kwa Kuangazia Lobule, Nile Magharibi

Utangulizi

Mwanachuo wa sosholojia, historia, fasihi, falsafa au elimu katika vyuo vya Afrika Mashariki hukutana na zoezi moja kwa majina mbalimbali: majadiliano ya kitafakuri. Hupewa mada, hutakiwa kuihusisha na maisha yake, kueleza alivyohisi na alichojifunza, kisha kujibu maandishi ya wenzake wawili. Zoezi hili lilipata msukumo mpya mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na masomo kuhamia kwenye simu, wahadhiri wakahitaji ushahidi kwamba darasa bado lipo. Makala haya yanalihakiki zoezi hilo kama utanzu wa uandishi, wenye kanuni zake, msomaji wake na tuzo yake, yaani alama. Dai lake ni kwamba zoezi, kama linavyotolewa kwa kawaida, huomba maisha ya mwanachuo badala ya hoja yake, na kwamba kasoro hiyo hujificha vizuri darasani mpaka litazamwe kutoka mahali kama Lobule.

Lobule ni kata ya wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Koboko ilikuwa sehemu ya Arua hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2005. Tangu 2013 kata hiyo ina makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo. Kijana wa Lobule anayefika chuoni, awe mkimbizi au mwenyeji, huingia darasani akiwa na jambo ambalo waliotunga zoezi hawakulifikiria: ameshazoea kuulizwa habari za maisha yake na watu wenye kalamu mkononi.

Safari ya wazo

Wazo la tafakuri halikuanza na hisia. John Dewey, katika kitabu chake cha 1910 kuhusu namna tunavyofikiri, alianzia kwenye shaka: mtu amekwama, imani aliyokuwa nayo haimtoshi, basi anachunguza misingi inayoishikilia imani ile na kule inakoelekea. Kinachotafakariwa hapo ni imani na sababu zake. Donald Schön, mwaka 1983, aliipeleka tafakuri kwenye kazi, akichunguza jinsi wasanifu majengo na wataalamu wengine wanavyofikiri huku mikono ikitenda, mara nyingi mbele ya bingwa anayewasahihisha papo hapo. Mwaka 1988 Graham Gibbs akatoa mzunguko wa hatua sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchanganuzi, hitimisho na mpango wa hatua. Mzunguko huo ulipendwa na vyuo vya uuguzi na ualimu, na kwa haki. Mwalimu mwanafunzi aliyeshindwa kutuliza darasa la watoto themanini ana tukio, ana hisia, na kesho asubuhi ana darasa lile lile la kujaribia mpango wake.

Tatizo lilianza mzunguko ulipogeuka fomu na fomu ikasafirishwa kwenda kozi zisizo na tukio wala kesho asubuhi. Katika historia, mwanachuo anayesoma mkataba wa mpaka hana mpango wa hatua. Katika falsafa, namna anavyohisi kuhusu hoja haisemi lolote juu ya uhalali wake. Fasihi ina nafuu kidogo, kwa kuwa hisia ya msomaji ni sehemu ya ushahidi, ingawa hata hapo mwanachuo akishaandika kwamba mhusika fulani amemkumbusha bibi yake, kazi ya uhakiki bado haijaanza.

Hivyo fomu ikabaki na vitu viwili ambavyo kila kozi inaweza kuvitoa: hisia na mabadiliko ya nafsi. Mwanachuo mwerevu huvitambua upesi. Huandika kwamba hapo awali alikuwa na dhana potofu, kwamba somo limemfumbua macho, na kwamba tangu sasa atakuwa mtu mwingine. Ni muundo wa ushuhuda wa kuokoka, na msahihishaji anayeupokea kila muhula hana budi kushangaa ni watu wangapi wanaobadilika roho kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Maisha kama malipo

Mwanachuo mkimbizi anaujua utanzu huu kuliko mhadhiri wake. Alisimulia maisha yake wakati wa kusajiliwa, akayasimulia tena alipoomba msaada, na kama alitafuta ufadhili wa masomo aliyaandika upya katika barua ya maombi. Amejifunza kwamba simulizi la mateso lina urefu unaofaa, mpangilio unaofaa, na mahali panapofaa kuweka matumaini. Swali la sosholojia linapomtaka ahusishe dhana ya kupoteza makazi na uzoefu wake binafsi, analisikia kama swali la dirisha la ofisi. Anaweza kujibu kwa ustadi bila kufikiri chochote kipya, au kukataa na kupoteza alama. Mwenzake wa Kampala akiulizwa swali hilo hilo hutafuta kisa cha kuhama nyumba. Wawili hao hupimwa kwa mwongozo mmoja, naye mwenye jeraha kubwa zaidi ndiye mwenye malighafi bora. Zoezi linaloweka thamani juu ya jeraha limeshakosea kabla ya kusahihishwa.

Watetezi hujibu kwamba kuanzia kwenye maisha ya mwanafunzi ndiko kumheshimu, na humtaja Paulo Freire. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau namna Freire alivyofanya kazi. Katika madarasa yake ya kisomo, hali ya maisha ya wanakijiji iliwekwa mbele yao kama picha: mchoro wa mtu kazini, kisima, nyumba. Kikundi kiliizungumza picha. Maisha yalikuwa ya wote waliokuwapo, lakini hakuna aliyelazimika kuwa yeye ndiye picha. Umbali huo mdogo kati ya mtu na jambo linalojadiliwa ndio uliotupwa wakati mbinu ilipogeuzwa kuwa fomu.

Swali ambalo Lobule inalijua

Hasara si ya mwanachuo pekee. Elimu yenyewe hupoteza maswali mazuri. Ardhi iliyo leo Nile Magharibi ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, ambalo Leopold II wa Ubelgiji alikodishiwa na Waingereza mwaka 1894. Baada ya kifo chake mwaka 1909, eneo lilirudishwa chini ya Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Wakakwa wakajikuta katika nchi tatu bila kuhama. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin, ambaye jamaa zake walitoka Koboko, iliangushwa. Vita vya mwaka uliofuata na visasi vya jeshi vikawakimbiza watu wa Nile Magharibi kwa wingi kuingia Kongo na Sudan, ambako wengi walikaa miaka kadhaa. Kitabu cha Barbara Harrell-Bond cha 1986, ambacho kimesomwa katika kozi za uhamiaji dunia nzima, kilitokana na utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Uganda waliokuwa upande wa Sudan. Yaani mojawapo ya vitabu vya msingi vya taaluma ya ukimbizi kinahusu majirani na jamaa wa wale ambao leo wanaitwa jamii wenyeji.

Mbele ya historia hiyo, kumtaka mwanachuo aeleze alivyohisi kuhusu ukimbizi ni kutupa dhahabu ili kuokota ganda. Swali linaloweza kuwekwa mezani ni hili: katika Lobule, mwaka 1913, mwaka 1980 na mwaka 2013, nani alikuwa mgeni, kwa mujibu wa nani na kwa ushahidi gani? Mwanahistoria atauliza kuhusu mikataba na mipaka. Mwanasosholojia atatazama tofauti kati ya mkimbizi wa sheria na mkimbizi wa kumbukumbu. Mwanafalsafa atauliza kama mtu aliyepokewa jana anadaiwa kumpokea mwingine leo, na kama deni hilo linarithiwa. Mwanachuo wa Lobule analetea swali hili ujuzi usiopatikana maktabani, lakini anauleta kama shahidi na mchambuzi, kwa hiari yake, na mwenzake wa Mbarara au Jinja ana njia ya kumpinga. Hakuna awezaye kupinga hisia za mtu. Ndiyo maana majadiliano ya hisia huishia kwa wenzake wawili kuandika kwamba wanakubaliana na mwandishi na kumpa pole.

Kujibizana

Nusu ya pili ya zoezi, yaani majadiliano, imepuuzwa zaidi. Mwongozo wa usahihishaji huhesabu majibu: mawili, maneno kadhaa, kabla ya saa sita usiku. Haupimi kama jibu limesikia. Hapa Kiswahili kina urithi ambao wataalamu wa mitaala hawajautumia. Ushairi wa kujibizana, tangu Mombasa ya Muyaka bin Haji mwanzoni mwa karne ya 19 hadi kurasa za gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, ulikuwa majadiliano yenye sheria. Aliyejibu shairi aliingia katika bahari ya mwenzake, mara nyingi akachukua vina vyake, na ilimbidi aguse fumbo lenyewe. Aliyeimba pembeni alionekana na kila msomaji. Umbo lilikuwa uthibitisho wa usikivu.

Si lazima wanachuo watunge mashairi ili kunufaika na kanuni hiyo. Inatosha kumtaka mjibuji aieleze kwanza hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe aridhike, ndipo ataje mahali hasa anapotofautiana naye na ushahidi utakaomaliza tofauti hiyo. Alama ziende huko. Na kama mwishoni mwanachuo hajabadilika, aruhusiwe kusema hivyo na kueleza kwa nini hoja za wenzake hazikutosha. Msimamo uliobaki baada ya kupigwa ni zao la tafakuri kama ulivyo msimamo uliogeuka.

Lugha ya kufikiri, lugha ya kuandika

Kikundi cha wanachuo kutoka Koboko kinaweza kujadili mada kwa Kikakwa, Kilugbara, Kilingala au Kiswahili, kisha mmoja wao akaandika muhtasari kwa Kiingereza. Kinachosahihishwa ni muhtasari. Mabishano yenyewe, yaliyokuwa tafakuri, hayaachi alama yoyote. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yanakichukua Kiswahili kama somo. Bado hayajagusa swali la kama mwanachuo wa sayansi za jamii anaweza kuwasilisha mabishano yake kwa lugha hiyo.

Pendekezo hilo lisiuzwe kirahisi Nile Magharibi. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na majeshi ya Tanzania yaliyomwondoa yalikisema pia. Kwa wazee wengi wa Uganda ni lugha iliyobisha hodi kwa kitako cha bunduki. Mkimbizi wa Kongo aliyelelewa kwa Kilingala naye hakihesabu kuwa chake. Kukilazimisha kama lugha ya undani wa nafsi kungekuwa kosa jipya juu ya la zamani. Kama lugha ya mabishano ya wazi, ambamo hakuna anayeombwa kujianika na kila mmoja amekuja kutoka nje kidogo, kina nafasi nzuri zaidi.

Wakati wa kuamua ni sasa, kwa sababu Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka walimu wa ngazi zote wawe na shahada, na vyuo vya taifa vya ualimu, kikiwemo cha Muni huko Arua, vimewekwa chini ya taasisi moja ya kitaifa ya elimu ya ualimu. Miongozo ya kozi inaandikwa upya. Fomu ya hatua sita ikiingizwa humo bila kuhojiwa, mwalimu atakayeondoka Muni ataibeba hadi shule za Lobule, na mtoto wa darasa la tano ataulizwa alivyohisi alipovuka mpaka.