Majigambo ya Mtu Asiye na Kazi

Kuna maneno mawili kwenye LinkedIn ambayo huyaoni mpaka siku yanapokutoka: "hadi sasa". Yanakaa kimya mbele ya tarehe uliyoanza kazi. Machi 2021 hadi sasa. Kazi ikiisha, unarudi pale, unafuta "sasa", unaandika mwezi. Shughuli ya dakika moja. Mimi ilinichukua wiki sita. Barua ya kuachishwa nilikuwa nayo, pesa za kuachishwa zilishaingia na zilishaanza kwisha, lakini kwenye wasifu wangu bado nilikuwa kazini. Kila asubuhi naamka, nachungulia, nafunga simu. Haya ilikuwa imenijaa.

Sasa ni mwezi wa saba. Katika miezi hii nimesoma wasifu za watu kwa makini kuliko nilivyowahi kusoma riwaya yoyote ya shule, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba huu ni utanzu kamili wa fasihi. Una kanuni zake na mipaka yake: kichwa hakizidi herufi 220, na ile sehemu ya kujieleza haizidi 2,600. Una wasomaji wake, wengi wao wakiwa na haraka. Una hata thamani ya sokoni. LinkedIn ilifunguliwa 2003, na mwaka 2016 Microsoft ikainunua kwa dola bilioni 26.2. Ukifikiria vizuri, sehemu kubwa ya kilichonunuliwa pale ni maandishi ya watu wakijieleza. Kama ni fasihi, basi tuihakiki.

Jambo la kwanza utakaloliona ni furaha. Kwenye utanzu huu kila mtu anafurahi kutangaza. Anafurahi akipata kazi, anafurahi akimaliza kozi ya siku mbili, na akifutwa anashukuru. "Baada ya miaka minne ya kupendeza, safari yangu imefika tamati." Nimesoma mamia ya hizo na bado sijakutana na mtu aliyeandika "walinifuta". Kazi humu ndani zinaisha zenyewe, kama mvua.

Jambo la pili ni vitenzi vikubwa visivyotaka yambwa. Niliongoza, nilibuni, nilichochea mageuzi. Mageuzi ya nini? Ya kimkakati. Haya. Mkakati wa nani, kufanya nini, wapi? Kimya. Watu wote wametolewa kwenye hadithi: bosi, mteja, yule mse wa meza ya pili aliyekufundisha mfumo wiki yako ya kwanza. Amebaki shujaa mmoja kwenye jukwaa tupu.

Tuliosoma fasihi simulizi sekondari tunamjua shujaa huyu. Tulifundishwa kwamba majigambo, au vivugo, hutungwa na kughanwa na mhusika mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, baada ya kutenda jambo la kishujaa. Chuku inaruhusiwa, bila chuku ni taarifa ya polisi. Kwa hivyo siwezi kuulaumu wasifu kwa sababu unajisifu. Tulijisifu kabla ya intaneti. Lakini mwenye kujigamba hutaja jina lake, ukoo wake, adui yake na mahali walipokutana. Tena anaghani mbele ya watu wanaomjua. Akisema aliua simba, kuna mzee pale nyuma aliyeiona ile ngozi. Chuku yake ina mashahidi. Ya kwetu haina, ndiyo maana inalazimika kuwa na ukungu: ukisema jambo lisiloeleweka, hakuna wa kukupinga.

Utaniambia, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ndiyo iliyonilea, na ndiyo iliyonifanya nishindwe kuandika hata sentensi moja kunihusu bila kutaka kuificha. Lakini methali haijui sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe hati ya utumishi unapoondoka: jina lake, jina lako, siku uliyoanza, aina ya kazi, siku uliyomaliza. Kifungu hichohicho kinasema halazimiki kukuandikia lolote kuhusu tabia yako wala utendaji wako. Yaani sheria inakupa tarehe. Sifa ni hisani. Mwajiri akinyamaza, utajitembeza mwenyewe, upende usipende.

Nikajitembeza basi. Niliandika hivi: "Niliongoza uboreshaji wa mifumo ya kuhudumia wateja katika kanda tatu." Nikaona imetulia.

Siku hizo nilikuwa nimeanza kumsaidia shangazi yangu Gikomba. Ana kibanda cha mashati ya mtumba. Saa kumi na moja alfajiri robota linafunguliwa, na hapo ni mkono na jicho: kamera huku, ya pili kule, yaliyochafuka chini kabisa. Kufikia saa tatu wateja wamepungua, unapata nafasi ya kukaa. Nikawa nakaa juu ya robota nikiandika kwenye simu.

"Unaandika nini kila siku hapo?" akaniuliza.

Wasifu wangu ulikuwa kwa Kiingereza, kama wa karibu kila mtu hapa Nairobi, kwa hivyo nikamtafsiria ile sentensi. Akasikiliza huku akikunja shati.

"Sawa. Lakini ulikuwa ukifanya nini?"

"Anti, watu walikuwa wakipiga simu mizigo yao ikipotea. Mimi naitafuta mpaka ipatikane."

"Si useme hivyo?"

Nikamweleza habari ya dawa za mzee mmoja wa Kitale, zilizopelekwa Kitui kwa sababu mtu alisoma herufi tatu za kwanza akaridhika. Nilikaa kwenye simu hadi saa tano usiku, nikampata dereva wa basi la usiku aliyekubali kuzibeba, na asubuhi nikampigia yule mzee mwenyewe. Shangazi aliacha kukunja. Akaita jirani wa kibanda cha pili aje asikie. Nikarudia, na safari hii nikaongeza chumvi kidogo. Hapo ndipo nilipojua nimejigamba, kwa maana ile ya kale kabisa, na nilikuwa sijaona haya hata kidogo.

Nilipomsimulia rafiki yangu ambaye kazi yake ni kuajiri watu, alicheka. "Buda, hiyo ya Kitale ni tamu, lakini hakuna mtu anatafuta neno 'Kitale'. Wanatafuta 'huduma kwa wateja'. Usipokuwa na hayo maneno, hata huonekani. Na Gikomba usiweke. Andika 'mshauri wa kujitegemea'. Uweke na ile duara ya kijani."

Hakuwa na ubaya. Duara ile, iliyoanza kutumika 2020, yule mwaka ambao kazi ziliyeyuka dunia nzima, imewasaidia watu, ingawa wengine wanaiona kama kilio. Na kuhusu maneno ana haki: wasifu husomwa kwanza na anayechuja, na anayechuja hana muda wa hadithi.

Hapo nikamkumbuka Fumo Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo yuko kifungoni na anamtuma kijakazi Saada kwa mamake na ujumbe wa fumbo. Mama anaelewa. Anaoka mikate mizuri, na anaoka mmoja wa wishwa. Walinzi wanajitwalia ile mizuri na kumwachia mfungwa ule mbaya. Ndani ya ule mbaya mna tupa.

Sisi tunaotarmaki tumejifunza kuoka mikate mizuri tu. Mlinzi anakula, anashiba, anapita. Kasoro ya wasifu mwingi ninaousoma ni kwamba ukiumega huna unachokikuta. Mlinzi lazima umwokee, hilo sibishi, la sivyo hata hapokei kapu. Lakini mtu akifika ndani, akiamua kumega, anapaswa kukuta kitu kigumu kinachoweza kukata: jina la mahali, mzigo uliopotea, saa tano usiku.

Kwa hivyo nimeuandika upya. Kichwa kina "huduma kwa wateja", kama alivyosema rafiki yangu. Chini yake, ile sentensi ya kanda tatu imeondoka, na Kitale na Kitui zimeingia. Niliandika pia kwamba kazi iliisha kwa sababu kitengo chetu kilifungwa. Maneno machache tu, na hakuna aliyekufa.

Ikabaki ile miezi saba. Rafiki yangu angeiita ushauri. Mtandao wenyewe, tangu 2022, una sehemu ya kueleza kwamba umepumzika kazi. Lakini nimeamka saa kumi usiku miezi yote hiyo, sijui kupumzika kulikuwa wapi. Nikaandika: Muuzaji wa mashati, soko la Gikomba, Nairobi. Februari hadi sasa.

Nilikaa nikiyaangalia hayo maneno mawili ya mwisho. Kisha nikamwonyesha shangazi. Akavaa miwani, akasoma polepole, akanirudishia simu.

"Weka na namba ya till," akasema.