Kumpisha Mwenye Selo

Katika onyesho la selo na piano, macho ya watu humwendea mpiga selo. Amekaa mbele, ala iko katikati ya magoti, mkono wa kulia unavuta upinde, uso hauna siri. Mimi humwangalia aliye nyuma yake. Kwa maoni yangu, kazi ngumu ya usiku ule ni ya mpiga piano.

Piano ya kisasa ina nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwenye fremu ya chuma. Selo ina nne. Tena selo huimba sana palepale unaponguruma mkono wa kushoto wa mpiga piano. Akijisahau kidogo tu, mwenzake atabaki kuonekana akivuta upinde, asisikike. Husimuliwa kwamba Brahms alipokuwa akiipiga sonata yake ya kwanza ya selo, aliyoimaliza mwaka 1865, aliibamiza piano hadi Josef Gänsbacher, mwenye selo, akalalamika kuwa haisikii selo yake. Brahms akamjibu kwamba hiyo ni bahati yake.

Kelele huweza kupunguzwa. Shida kubwa zaidi ni kwamba noti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga uzi, na mpigaji hana tena la kuiongezea. Upinde wa selo unaweza kuanza na sauti nyembamba, ukainenepesha taratibu, ukaipunguza tena. Wawili hawa wakipewa wimbo mmoja wapokezane, mpiga piano hupima uzito wa kila kidole ili noti inayofuata iingie pale ya kwanza ilipofikia kwa kufifia. Akizidisha, wimbo unavunjika vipande. Na mara nyingi uso wa mwenzake hauoni: husoma bega la kulia, na ile pumzi inayovutwa kabla upinde haujagusa uzi.

Ufundi wa namna hii unataka ukumbi mdogo. Wigmore Hall ya London ni mfano mzuri: ilijengwa na kampuni ya piano ya Bechstein kutoka Ujerumani, ikafunguliwa mwaka 1901, na ina viti kama 550 tu. Katika ukumbi wa maelfu mpiga selo hulazimika kukandamiza ili afike viti vya nyuma. Hapa anaweza kuulegeza upinde hadi ukasikia manyoya ya farasi yaliyopakwa ulimbo yakikwaruza uzi. Pa kujificha pia hapana. Mpiga selo Jacqueline du Pré alipojitokeza hapo mwaka 1961, akiwa na miaka 16, uzi mmoja ulimlegea mwanzoni kabisa. Akatoka, akarudi, akaanza upya.

Beethoven aliyajua mapema matatizo haya ya kuzioanisha selo na piano. Katika sonata zake mbili za kwanza za ala hizi, za mwaka 1796, piano bado ndiyo bwana mkubwa. Lakini katika ya tatu, ya mwaka 1808, selo huanza peke yake, chini na kwa upole, kisha inashuka na kutulia juu ya noti moja ndefu. Noti hiyo ikiwa bado inashikiliwa, piano inaingia kwa juu na kumalizia sentensi. Halafu wanabadilishana: piano inachukua wimbo, selo inaumalizia. Kurasa mbili hazijaisha na umeshajua kama wapigaji hawa wanasikilizana au kila mtu yuko safarini kwake.

Rachmaninoff, aliyekuwa mpiga piano hodari, hakumhurumia mtu. Sonata yake ya 1901 imejaa noti za piano pomoni. Mpiga piano Isata Kanneh-Mason na mdogo wake Sheku, mpiga selo, waliirekodi katika albamu ya Muse ya mwaka 2021, na ninachokipenda ni jinsi dada anavyozipiga zote pasipo kumfunika mdogo wake hata pale muziki unapochemka.

Msomaji ambaye hajawahi kuisikia sonata ya tatu ya Beethoven na aitafute, aisikilize mara mbili. Mara ya kwanza aifuate selo, kwani hata akitaka kujizuia hataweza. Mara ya pili amfuate mpiga piano peke yake, tangu noti ya kwanza mpaka makofi.