"Dawa ya Mbu" na Mtoto wa Miezi Mitano: Uhakiki wa Istilahi za Vibandiko

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimezipokea bila kuzihoji, "dawa ya mbu" haina budi kuwekwa mahali pa mbele. Jina hili limo madukani, limo zahanatini, limo katika matangazo ya redio na vinywani mwa watu wa kila rika. Kwa mtu mzima anayekaa nyumbani kwake lina kasoro ndogo zinazovumilika. Liweke mbele ya mzazi anayejiandaa kwenda mapumziko pamoja na mtoto wa miezi mitano, tuseme kulala hemani Saadani, pale hifadhi inapokutana na bahari, na kasoro hizo hugeuka kuwa jambo la afya. Mzazi huyo akiingia dukani na kuomba dawa ya mbu, muuzaji aweza kumpa, pasipo kumdanganya hata kidogo, kitu chochote katika vinne: dawa ya kuchoma yenye umbo la mviringo, kopo la kupulizia chumba, mafuta ya kupaka mwilini, au kioevu cha kutia katika nguo. Kimoja tu kati ya hivyo kimekusudiwa ngozi ya binadamu. Jina halisemi ni kipi.

Kasoro hii haimo katika nomino "dawa". Neno hilo lina wigo mpana tangu zamani, na upana wake ni mali ya lugha yetu. Kasoro imo katika kiunganifu -a, ambacho hubeba uhusiano wowote tunaoutaka na kutuachia kazi ya kuutambua. Dawa ya macho huyatibu macho. Dawa ya meno huyasafisha meno, nayo dawa ya viatu huving'arisha. Dawa ya kikohozi humponya mwenye kikohozi, si kikohozi chenyewe. Dawa ya panya haimponyi panya. Hakuna Mswahili anayekosea katika mifano hiyo, kwa sababu anavijua vitu kabla ya kuyasikia majina yake. Lakini kitu kinapokuwa kigeni, ujuzi huo wa dunia haupo, na jina hubaki peke yake. Hapo ndipo tunapopata maneno kama "dawa ya mbu ya watoto", ambamo "ya" ya kwanza ina maana ya dhidi ya na "ya" ya pili ina maana ya kwa ajili ya, ilhali sura yao ni moja.

Ni haki kukumbuka kwamba matumizi haya yalisaidia katika kazi kubwa. Mpango wa Hati Punguzo ulipoanza nchini Tanzania mwaka 2004, ili mama mjamzito apate chandarua kwa bei nafuu, maneno yaliyosambaa katika kampeni za malaria za miaka hiyo yalikuwa "chandarua chenye dawa". Kama wahusika wangesema "chandarua chenye sumu ya mbu", wangekuwa wamesema kweli ya kikemia, na huenda vyandarua vingi vingebaki kabatini. Siwalaumu hata kidogo. Hata hivyo yatupasa tukiri kwamba neno hilo lilijenga imani fulani: kwamba kilichotiwa "dawa" ni cha heri kwa mtoto. Permethrini na jamaa zake katika chandarua hushikamana na nyuzi. Permethrini ile ile ikiwa ndani ya chupa ni ya nguo na mahema, wala haipakwi mwilini. Mzazi aliyefundishwa kwamba dawa ya chandarua ni rafiki wa mtoto hana sababu yoyote ya kilugha ya kuiogopa chupa.

Wako waliojaribu kuleta nidhamu. "Kiuatilifu" limekwisha kukubalika serikalini kwa sumu za kilimo na za wadudu, hata limeingia katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. "Kiuadudu" nalo hutumika kwa sumu ya wadudu peke yao. (Wanaopendelea "kiuawadudu" wana hoja yao ya kisarufi, lakini silabi zimezidi.) Maneno yote mawili yana kitenzi "ua" ndani yake, na kwa kopo la kupulizia chumba yanafaa kabisa. Kwa mafuta ya kupaka hayafai, kwa kuwa mafuta hayo hayamuui mbu.

Kwa mafuta hayo baadhi ya waandishi hutumia "kifukuza mbu". Istilahi hii yapendeza sikioni lakini inapotosha. Anayefukuza huondoa kitu mahali pote: mlinzi akimfukuza mwizi, ua mzima umepona. Mafuta ya kupaka hayafanyi hivyo. Humzuia mbu asitue pale yalipopakwa, na pale yaliporukwa mbu hutua na kuuma, hata ikiwa ni upana wa vidole viwili juu ya kifundo cha mguu. Mama anayeamini kwamba mafuta "yanafukuza" atampaka mtoto kidogo mashavuni, kama apakavyo wanja, kisha atamlaza akiwa ametulia. Neno limemfundisha vibaya.

Ningependekeza "kiepushadudu" kwa vitabu vya sayansi, sambamba na "kiuadudu", ili mwanafunzi aone tofauti ya kuua na kuepusha katika maneno yenyewe. Lakini sipendekezi liandikwe peke yake juu ya chupa, kwani nalo huahidi mno. Dudu ni nani? Huko Saadani wamo mbung'o, na mafuta ya kupaka hayajathibitishwa kwamba yanawazuia mbung'o kwa kiasi cha kutegemewa. Dhidi ya hao kinga ni nguo nzito kiasi zenye rangi ya udongo, si za buluu wala nyeusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta. Kibandiko kinachosema "huepusha wadudu" pasipo kuwataja kimeahidi kisichokuwemo chupani. Wadudu watajwe kwa majina.

Sasa nije kwenye neno linalonitia wasiwasi kuliko yote, nalo si jina la dawa bali ni jina la mtoto.

Tuchukue onyo la namna hii: "Isitumike kwa watoto wachanga." Sentensi ni fasaha na haina kosa la sarufi. Lakini mtoto mchanga ni wa umri gani? Wahudumu wa afya husema "kichanga" kwa mtoto ambaye hajatimiza siku 28. Majirani humwita mtoto mchanga mpaka akae, wengine mpaka atambae, na bibi yake aweza kumwita hivyo mpaka azaliwe mwingine. Upana huu katika mazungumzo ni wa kupendeza. Katika onyo ni hatari, na hatari yenyewe inaonekana waziwazi tukitazama maonyo haya yatokako. DEET ni kemikali ya kupaka iliyotumika kwa muda mrefu: ilibuniwa Marekani kwa ajili ya jeshi, ikaanza kutumiwa na wanajeshi mwaka 1946 na na raia mwaka 1957. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani husema isipakwe kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, na kwa watoto wakubwa zaidi isizidi asilimia 30. Wizara ya afya ya Kanada husema isipakwe kabisa chini ya miezi 6, na kuanzia miezi 6 hadi miaka 2 isizidi asilimia 10, tena mara moja tu kwa siku.

Mtoto wetu ana miezi mitano. Kwa kipimo cha Marekani amevuka mpaka; kwa kipimo cha Kanada hajaufikia. Mfasiri wa Kiswahili akiletewa vibandiko hivyo viwili, vyote aweza kuvifasiri "watoto wachanga", na tofauti ya miezi minne ikapotelea mezani pake. Wala sielewi ni kwa nini tumlazimishe kutafuta nomino ilhali tunazo tarakimu. Miezi ihesabiwe na iandikwe: "chini ya miezi 2", "chini ya miezi 6". Hii ni sehemu moja ambapo mwanaistilahi hutumikia lugha yake vizuri zaidi kwa kukaa kimya. Na pale vipimo vinapotofautiana, mimi ningemshauri mzazi ashike kilicho kikali zaidi, amtegemeze mtoto kwa chandarua na nguo za mikono mirefu, na aulize kliniki kabla ya safari badala ya kumuuliza muuza duka.

Neno "kali" nalo lina kisa chake. Asilimia iliyoandikwa chupani husomwa na wengi kuwa ni kipimo cha ukali, kama ukali wa pilipili: wenye hofu huikimbia asilimia 30, na wenye kupenda mambo makubwa huitafuta asilimia 80. Kwa kweli namba hiyo husema hasa juu ya muda. Asilimia 10 hukinga kwa kadiri ya saa 2, na asilimia 30 kwa kadiri ya saa 5. Ikizidi asilimia 50, muda hauongezeki kwa kiasi cha maana. Badala ya "kali" na "hafifu", kibandiko kiandike saa. Mzazi atakayekaa nje kwa saa moja na nusu jioni atajua mara moja kwamba hahitaji asilimia 30.

Lakini neno linaloharibu zaidi ni "asilia". Siku hizi limekuwa kama cheti cha usalama. Wakulima wa pareto wa Mufindi na Mbeya wangeweza kutufundisha, maana ua lao ni la asili kabisa na huua wadudu vizuri sana. Ndilo lililowapa wanakemia kielelezo cha permethrini na nduguze. Mafuta ya mkaratusi wa limau nayo hutoka mtini, tena yanafanya kazi dhidi ya mbu. Hata hivyo Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa chakataza yasitumike kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Basi katika rafu moja ya duka, chupa iliyoandikwa "asilia" yaweza kuwa na umri wa chini mkubwa kuliko ile ya "kemikali" iliyo kando yake. Mafuta ya mchaichai yana harufu nzuri na hupotea upesi. Kivumbasi tulichozoea kukiweka dirishani nakiheshimu, ila sithubutu kukiandikia saa.

Majina ya kemikali nitayapitia kwa haraka. Kuna kiepushadudu kinachoitwa pikaridini katika vibandiko vya Marekani na ikaridini katika vya Ulaya. Ni kitu kimoja, na tukikubali majina yote mawili mtu atadhani anabadilisha. Tuchague "ikaridini". Ama DEET, ibaki kwa herufi zake kubwa na isifupishwe kwa matamshi, kwa kuwa ikitamkwa haraka husikika kama D.D.T., ambayo ni sumu ya kupuliza kutani, nayo tangu Mkataba wa Stockholm uanze kutumika mwaka 2004 imewekewa mipaka mikali.

Vitenzi havina budi kutenganishwa. "Kupulizia" hutumika kwa kopo la chumba na kwa chupa ya mwilini, na vyombo vyenyewe vinafanana. Ningeacha "pulizia" kwa chumba peke yake. Kwa mwili liwe "paka" daima, hata kama chupa hutoa mvuke, kwa sababu kwa mtoto ndivyo inavyopaswa: mzazi hujimiminia kiganjani kisha humpaka. Na dawa ya kuchoma isiitwe ya chumba wala ya hema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya dawa za kuchoma za China na Malaysia ulionyesha kwamba moja ikiteketea yote hutoa chembe laini za moshi sawa na za sigara kati ya 75 na 137. Ndani ya hema lenye mtoto, "dawa" hapo ni jina la kejeli.

Imebaki chandarua. Kampeni zetu zimekifunga na neno "usiku", na kwa malaria zilikuwa sahihi. Lakini mbu aenezaye dengue huuma mchana, na Dar es Salaam iliona milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na 2019. (Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1870, aliandika kwamba wenyeji waliuita kidinga pepo, wapo wanaodhani jina la kimataifa limetoka humo, na wapo wanaokataa.) Mtoto alalaye adhuhuri chini ya mti anahitaji chandarua juu ya kikapu chake kama alivyokihitaji usiku.

Kwa hiyo kibandiko cha chupa ya kupaka, kwa maoni yangu, kisomeke hivi: "Mafuta ya kupaka ya kuepusha mbu. Hayaui mbu. DEET asilimia 10. Hukinga kwa saa 2, pale tu yalipopakwa. Yasipakwe kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Yasipakwe mikononi mwa mtoto, machoni, mdomoni, penye kidonda, wala chini ya nguo. Mtoto aoshwe kwa sabuni anaporudi ndani." Hakuna istilahi mpya hata moja hapo isipokuwa jina la kemikali. Waagizaji na watengenezaji wauletee uchapaji wa majaribio wasomaji wa lugha kabla ya kupiga chapa chupa elfu, wala si baada yake, kama ilivyo desturi.