Nafsi ya Tatu na Mashine ya Tafsiri: Uhakiki wa Upendeleo katika Akili Unde

Miongoni mwa sifa za Kiswahili zinazotajwa mara kwa mara na wanaokitetea ni kwamba nafsi ya tatu umoja haibainishi jinsia. Kiambishi a- katika anasema, kiambishi -m- katika nilimwona, na kiwakilishi yeye, vyote ni vya mwanamume na mwanamke sawasawa. Ngeli ya kwanza hutenga viumbe na vitu. Haitengi mume na mke. Wako waliokwenda mbali zaidi wakadai kwamba sifa hii ni ushahidi wa usawa uliomo katika fikra za wasemaji wenyewe. Dai hilo ni jepesi mno. Lugha ambayo kwayo mwanamume huoa na mwanamke huolewa, lugha ambayo huona haja ya kusema "daktari wa kike" lakini aghalabu haioni haja ya kusema "daktari wa kiume", haiwezi kuachiwa huru kwa sababu ya kiambishi kimoja. Hata hivyo, kimya cha kiambishi hicho kimetokea kuwa, katika zama hizi za tarakilishi, kipimo kizuri cha kupimia fikra zilizofichika katika mashine zinazodaiwa kuwa hazina upande.

Istilahi yenyewe bado haijatulia. Wengine husema akili bandia, wengine akili mnemba, na wengine akili unde. Makala haya yanatumia hii ya mwisho kwa kuwa inatokana na kitenzi kuunda, ambacho watu wa pwani hukitumia kwa kazi ya fundi wa vyombo vya baharini. Chombo kina fundi wake, na fundi ndiye aliyechagua mbao. Istilahi zile nyingine mbili humsahau fundi huyo.

Jambo linalohakikiwa hapa ni la kawaida kabisa. Mtu akiipa mashine ya tafsiri sentensi "Yeye ni daktari" na kutaka Kiingereza chake, mashine italazimika kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike, kwa sababu Kiingereza cha kawaida hudai uchaguzi huo. Kwa muda mrefu mashine zimekuwa zikimfanya daktari huyo kuwa mwanamume. Na sentensi ikiwa ni "Yeye ni muuguzi", zikamfanya kuwa mwanamke. Mwaka 2017, Aylin Caliskan, Joanna Bryson na Arvind Narayanan waliandika katika jarida la Science kwamba mwelekeo huo huo unaonekana katika tafsiri za Kituruki, ambacho nacho hakibainishi jinsia katika nafsi ya tatu. Mwaka uliofuata wataalamu watatu wa Brazil, Prates, Avelar na Lamb, walilipima jambo hili kwa orodha ndefu ya kazi zilizotajwa katika takwimu za ajira za Marekani, wakizitungia sentensi katika lugha 12 za namna hii, Kiswahili kikiwa mojawapo. Walichokigundua kinafaa kutafakariwa. Mashine haikuakisi tu idadi ya wanaume na wanawake walioko katika kazi hizo. Iliupita uwiano huo. Palipo na wanawake wachache, mashine iliwapunguza zaidi, hasa katika sayansi na uhandisi.

Sababu yake haina mwujiza. Mashine ya namna hii haifahamu udaktari wala uuguzi. Imelishwa matini kwa mamilioni, ikajifunza neno lipi huandamana na lipi, na inapotakiwa kuchagua hulichagua lile lenye uwezekano mkubwa zaidi. Uwezekano wa asilimia 60 katika matini hugeuka kuwa uhakika kamili katika tafsiri, kwa maana sentensi moja haiwezi kuwa asilimia 60 ya kiume. Hapo ndipo tofauti inapokuzwa. Mfasiri binadamu naye huweza kufanya hivyo hivyo, na wengi wamefanya. Lakini mfasiri huyo ana jina, huweza kuulizwa, na makosa yake hayanakiliwi kwa namna moja katika kila ofisi na kila simu.

Wenye mashine hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 2018 kampuni ya Google ilianza kutoa tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, kwa sentensi fupi za Kituruki zinazotafsiriwa kwa Kiingereza. Na mwaka 2020 ikaeleza mbinu mpya iliyohusisha Kifini, Kihungari na Kiajemi. Kiswahili hakikuwemo katika lugha hizo za mwanzo. Lakini kuachwa huko si jambo la kulilalamikia sana, kwa sababu dawa yenyewe ina kasoro iliyo kubwa kuliko kuchelewa kwake. Inadhani kwamba tatizo liko katika sentensi, na kwamba Kiswahili, kikiwa hakisemi jinsia katika kiambishi, basi hakiisemi popote.

Tuchukue kifungu kidogo: "Daktari alimaliza zamu yake alfajiri, akampigia simu mumewe kumwambia angechelewa. Kisha akarudi wodini. Alisema mgonjwa angepona." Msomaji yeyote wa Kiswahili, hata mtoto wa shule, amekwisha kumwona daktari huyu kuwa mwanamke kabla hajafika kwenye nukta ya kwanza. Neno mumewe limetosha. Kuanzia hapo kila a- ni yake, na msomaji humbeba mwanamke huyo hadi mwisho wa kisa bila kukumbushwa. Mashine inayotafsiri sentensi moja moja hukutana na "Alisema mgonjwa angepona" ikiwa peke yake, haioni mume wala simu, ikarudia mazoea yake. Tazama basi kilichotokea. Si kwamba Kiswahili kilinyamaza na mashine ikalazimika kubahatisha. Kiswahili kilisema, tena kilisema waziwazi. Mashine ndiyo isiyosikia mbali. Na hata ikipewa nafasi ya kutoa tafsiri mbili, itamwekea msomaji mbele yake jozi ya daktari wa kiume na daktari wa kike, kana kwamba mwandishi alikuwa na shaka.

Hoja hii ni muhimu kwa wanaisimu wa Kiswahili kwa sababu inahusu namna lugha hii inavyogawa kazi baina ya mofolojia na matini. Jinsia katika Kiswahili haibebwi na kiambishi. Hubebwa na kauli ya kitenzi, na maneno ya ujamaa, na majina, na mila zinazojulikana kwa msemaji na msikilizaji. "Ameoa" na "ameolewa" ni sentensi za neno moja moja, na kila moja imekwisha kutamka jinsia ya mtendwa au mtenda. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Kwa hiyo, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, hatari hugeuka upande: mashine isiyotazama kiima itamfanya bibi harusi aoe. Mhakiki anayehesabu viwakilishi peke yake, kama walivyofanya wengi wa wataalamu waliotajwa hapo juu, hawezi kuliona kosa hilo, maana halimo katika viwakilishi.

Maneno ya ujamaa yanatoa mfano mzito zaidi. Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa baba na kaka wa mama. Kiswahili kinawatenga: huyu ni ami (au amu, au baba mdogo na baba mkubwa), yule ni mjomba. Vivyo hivyo shangazi ni dada wa baba. Dada wa mama ni mama mdogo au mama mkubwa. Katika mazungumzo ya mijini tofauti hii imeanza kufifia, na wako vijana ambao kila mwanamume wa rika la baba zao ni "anko". Hilo ni badiliko la jamii, na jamii ina haki ya kubadilika. Lakini mashine inayogeuza kila neno la Kiingereza la namna hiyo kuwa "mjomba" haibadiliki pamoja na jamii, inaiamulia. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, inayofuatwa katika mahakama za Kadhi ambazo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezitambua, ami huwemo miongoni mwa warithi wa upande wa baba wanaoweza kupata kilichobaki baada ya mafungu ya lazima, hali mjomba huhesabiwa katika jamaa wa mbali. Hati ya familia iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa na mashine, ikapelekwa mbele ya Kadhi ikiwa na "mjomba" mahali pa "ami", imemwondoa mtu katika urithi kwa neno moja. Hapa haitoshi kusema kwamba mashine ina upendeleo dhidi ya wanawake, au dhidi ya Waafrika. Ina upendeleo wa kuiona dunia kwa mgawanyo wa maneno ya Kiingereza, na mgawanyo huo huwaangukia watu mbalimbali kwa namna mbalimbali.

Swali la haki, basi, ni la matini zilizotumiwa kuifunza mashine. Mwaka 2019 korpasi iitwayo JW300, iliyokusanywa na Željko Agić na Ivan Vulić, iliziweka pamoja zaidi ya lugha 300, na kwa lugha nyingi za Kiafrika ikawa ndiyo hazina kubwa ya tafsiri sambamba iliyopatikana. Matini zake ni za magazeti ya Mashahidi wa Yehova. Lugha ya mahubiri ni lugha halali, lakini mashine iliyolelewa humo hujifunza kwamba mwanamume huongoza na mwanamke husikiliza, kwa sababu hivyo ndivyo matini zake zinavyokwenda. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen na yenye maneno takriban milioni 25 katika toleo lake la pili, imetegemea zaidi magazeti na vitabu pamoja na majadiliano ya Bunge la Tanzania. Ni kazi ya kuheshimiwa, na watafiti wengi wa isimu wamenufaika nayo. Lakini mwanamke wa sokoni Kongowea na mvuvi wa Pate hawamo ndani yake ila kwa kutajwa na mwandishi wa habari. Wala wingi hautibu jambo hili. Emily Bender, Timnit Gebru na wenzao walionyesha mwaka 2021 kwamba ukubwa wa matini hauhakikishi kuwa watu wa namna zote wamo. Wanaoandika sana ndio wanaosikika sana.

Ni desturi kuishia hapa, kwa kuwanyooshea kidole watu wa ng'ambo. Uhakiki wa haki hauna budi kuugeuza uso upande wa pili. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusimamia tahajia, kamusi na vitabu. Yalikuwepo manufaa ya kiutawala na ya kielimu, nayo hayakanushiki. Lakini tangu hapo idara za vyuo vikuu vyenyewe zimekuwa zikikisahihisha Kimvita katika insha za wanafunzi, huku zikimfundisha Muyaka bin Haji, aliyetunga kwa Kimvita hicho hicho, kuwa fahari ya ushairi. Kwa mashine iliyofunzwa Kiswahili Sanifu peke yake, "ndia" na "mato" ni makosa ya tahajia. Je, nani aliyeifundisha hivyo? Matini za Sanifu zilikuwa tele kwa sababu ndizo zilizochapwa, na zilichapwa kwa sababu wahariri na walimu walikataa nyingine. Mashine imeurithi uamuzi wa wahariri hao bila kujua kwamba ulikuwa uamuzi. Kiswahili cha Lubumbashi kimekaa mbali zaidi na dirisha hilo, ingawa wasemaji wake si wachache.

Zipo juhudi za kuipanua hazina hii. Jumuiya ya watafiti iitwayo Masakhane, iliyoanza mwaka 2019, imefanya tafsiri ya mashine kwa lugha za Kiafrika kuwa kazi ya wasemaji wenyewe. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao kazi yake ya Kiswahili ilitangazwa mwaka 2021, huwaomba watu wa kawaida wasome sentensi kwa sauti zao, wengine wakazihakiki. Kusoma kwa sauti, hata hivyo, ni kusoma sentensi iliyokwisha kuandikwa; mzee wa Lamu akipewa sentensi ya Sanifu atatoa lafudhi yake, lakini si lahaja yake. Sauti itakuwemo, na msamiati wake utabaki nje.

Kilichokosekana zaidi ni kipimo. Wanasayansi wa tarakilishi huipima mashine kwa sentensi walizozitunga wao, na nyingi za hizo ni za "Yeye ni daktari" na "Yeye ni muuguzi". Wasomi wa Kiswahili wanao uwezo wa kutunga sentensi ambazo hakuna mwingine awezaye kuzitunga: zenye mumewe katika aya ya kwanza na a- katika aya ya tatu, zenye ami na mjomba katika hati moja, zenye kuoa na kuolewa zilizopishana, zenye ndia ya Mombasa na njia ya Unguja, zenye binti wa Siyu anayemwita mama mdogo wake "mama" na mashine ikalazimika kujua kwamba mama mzazi ni mwingine. Mia tano za namna hiyo zingetosha kwa kuanzia. Hazihitaji tarakilishi kubwa. Zinahitaji walimu wanne au watano wa lahaja mbalimbali, muhula mmoja, na mhariri atakayekubali kuichapa "ndia" kama ilivyo.